Padri André Sibomana, Mkuu wa Gazeti la Kinyamateka

Kabla sijaanza kusimulia habari za mtu mwingine, yanipasa kusimulia kidogo habari zangu mwenyewe, maana hizo ndizo zilizonifanya niandike haya.

Mwaka jana mimi ndimi niliyekuwa mtengenezaji wa gazeti letu la ukutani, lile linalobandikwa karibu na mlango wa chumba cha kulia. Wengi mwakumbuka jambo la muhula wa pili. Maharage yalipungua sahanini, watu wakanung'unika, nami nikaandika ya kuwa mtu mmoja wa ghala ndiye anayeyauza sokoni. Sikutaja jina lake, lakini ghalani walikuwapo watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa mgonjwa nyumbani kwa muda wa mwezi mzima. Basi kila mtu alijua. Mimi sikuona gunia likitoka, wala sikuangalia daftari la ghala. Nalisikia maneno tu kitandani usiku, asubuhi nikayaandika kwa herufi kubwa.

Siku ya nne daftari likafunguliwa mbele ya mwalimu. Ikaonekana ya kuwa magunia 6 hayajafika bado, kwa sababu mvua ilikuwa imeporomosha udongo barabarani na lori lilirudi lilikotoka. Nikaenda kumwomba yule mzee radhi, naye akanisamehe. Lakini mtoto wake, asomaye shule ya msingi, alikuwa amekwisha kuitwa mtoto wa mwizi na wenzake njiani, na neno hilo sikuweza kulifuta kama nilivyoifuta ile karatasi.

Mwalimu wetu hakunipiga, wala hakuniondoa katika kazi ya gazeti. Alinipa adhabu ya namna nyingine. Aliniagiza nitafute habari za maisha ya Padri André Sibomana, niziandike kwa Kiswahili, nizitoe katika jarida hili ili wote wazisome. Mwanzoni naliona adhabu hii ni nyepesi. Sasa naona kwamba ilikuwa nzito kuliko fimbo.

Padri Sibomana alizaliwa mwaka 1954 katika nchi ya Gitarama, katikati ya Rwanda. Siku zile Wabelgiji walikuwa wangali wakitawala. Alikuwa hajatimiza miaka kumi nchi ilipopata uhuru, tarehe 1 Julai 1962. Lakini uhuru wetu haukuja peke yake. Tangu mwaka 1959 watu wengi walikuwa wamechomewa nyumba, wengine wameuawa, na wengine wamekimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Mtoto aliyekua katika siku hizo alijifunza mapema ya kuwa maneno yaweza kuwasha moto juu ya paa la jirani.

Alisoma katika shule za misheni, kisha akaingia seminari, na mwaka 1980 akapewa upadri. Baadaye alipelekwa Ufaransa kusomea kazi ya uandishi wa habari. Aliporudi, mwaka 1988, akawekwa kuwa mkuu wa gazeti la Kinyamateka. Alikuwa na umri wa miaka 34.

Yafaa niseme habari za gazeti hilo, maana vijana wa leo wasomao habari katika simu huenda hawalijui. Kinyamateka lilianzishwa na misheni Katoliki mwaka 1933, kwa lugha ya Kinyarwanda, likawa likipigwa chapa Kabgayi. Lilikuwa gazeti la kwanza la nchi yetu. Katika miaka ile waliojua kusoma walikuwa wachache. Wazee wa kwetu husimulia ya kuwa mtu mmoja alisoma kwa sauti baada ya Misa, na wengine kumi wakasikiliza wameketi majanini. Padri Alexis Kagame, yule mwanachuoni mkubwa wa historia na mashairi ya Rwanda, alifanya kazi humo alipokuwa kijana. Katika miaka ya 1950 liliongozwa na Grégoire Kayibanda, aliyekuja kuwa Rais wa nchi. Basi kiti cha mkuu wa Kinyamateka hakikuwa kiti cha mtu apendaye usingizi.

Tena kiti hicho kilikuwa na hatari. Miaka michache kabla ya Sibomana kilikaliwa na Padri Silvio Sindambiwe. Huyu aliandika mambo yasiyowapendeza wakubwa, wakamsonga hata akalazimika kuondoka. Mwezi wa Novemba 1989 akafa barabarani, motokaa yake ilipogongana na lori. Watu wengi hawakukubali kuwa ile ilikuwa ajali tu. Sibomana alikuwa amekwisha kukaa katika kiti kile zaidi ya mwaka mmoja. Aliyajua yaliyompata mwenzake, naye hakuondoka.

Tufikiri kidogo jinsi nchi ilivyokuwa siku zile. Jenerali Juvénal Habyarimana alikuwa akitawala tangu mwaka 1973. Chama kilikuwa kimoja tu, na kila Mnyarwanda alihesabiwa kuwa mwanachama wake, hata mtoto mchanga. Radio ilikuwa ya serikali. Kanisa lenyewe lilikuwa karibu sana na wakubwa, hata Askofu Mkuu wa Kigali alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama hicho. Kwa hiyo mwenye gazeti la Kanisa angeweza kuandika habari za ubatizo, za sikukuu na za safari za maaskofu, akala chakula chake kwa amani, na hakuna ambaye angemlaumu.

Mwaka 1989 bei ya kahawa ilishuka sana ulimwenguni, na katika upande wa kusini wa nchi ikaingia njaa. Wakubwa hawakupenda njaa hiyo itajwe. Kinyamateka likaitaja. Likaandika pia habari za watu wa serikali waliokula mali ya wote, wakajipatia mashamba na majumba wakati wakulima wakiuza jembe ili wanunue unga. Wasomaji wakaongezeka. Watu waliona ajabu kusoma katika karatasi mambo waliyokuwa wakinong'onezana gizani.

Haukupita muda mrefu, serikali ikamshitaki. Mwaka 1990 Padri Sibomana akasimamishwa kortini pamoja na waandishi wengine wa gazeti lake. Hapa ndipo lilipo jambo ambalo mwalimu alitaka nilione. Wakubwa walidhani ya kuwa padri huyu ataomba huruma, au atasema ya kuwa alisikia tu kwa watu. Kumbe kila jambo alilokuwa ameliandika alikuwa na ushahidi wake. Akauleta ule ushahidi mbele ya mahakimu, na mashitaka yakakosa nguvu. Yeye na wenzake wakaachiliwa.

Nalipofika hapo katika kusoma kwangu nikafunga kitabu kwa muda. Nalijiuliza: kama ningeitwa mimi mbele ya hakimu kwa ajili ya yale maharage, ningetoa nini mfukoni? Nisingekuwa na kitu. Mimi na Padri Sibomana sote wawili tuliandika ya kuwa kuna mtu anayekula mali ya wengine. Kwa mwenye kusoma haraka, maandishi yetu yalikuwa ya namna moja. Yeye alikuwa na karatasi katika mtoto wa meza, nami nilikuwa na maneno ya usiku.

Mwaka huo huo wa 1990 lilizaliwa gazeti jingine, nalo lilizaliwa hapa kwetu Gisenyi. Nalitaja kwa uchungu, lakini mtu wa Gisenyi asiyelitaja ataonekana analificha. Jina lake lilikuwa Kangura, maana yake amsha, na mwenye gazeti alikuwa Hassan Ngeze, mtu wa mji huu. Lilianza mwezi wa Mei 1990. Katika mwezi wa Desemba likatoa amri kumi za kuwafundisha Wahutu kuwachukia na kuwatenga Watutsi, wasioane nao, wasifanye biashara nao, wasiwahurumie. Gazeti hilo halikuhitaji ushahidi, kwa kuwa chuki haiulizi swali. Hata mwaka 1994 likaacha kutoka, lakini lililokuwa limepandwa lilikuwa limekwisha kumea. Ngeze alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha. Hukumu ilitolewa mwezi wa Desemba 2003, na mwaka 2007 mahakama ya rufani ikaweka kifungo cha miaka 35.

Magazeti mawili, nchi moja, lugha moja, mwaka mmoja. Yote mawili yalikuwa wino juu ya karatasi. Yote mawili yalisema yanawatetea watu wa chini. Msomaji wa kawaida angeyatofautishaje? Nimefikiri sana, nami naona njia ni moja: angeuliza kila moja, umejuaje? Kinyamateka lingeweza kujibu.

Turudi kwa Padri Sibomana. Tarehe 1 Oktoba 1990 vita vilianza, jeshi la R.P.F. lilipoingia kutoka Uganda. Siku chache baadaye serikali ikakamata watu kwa maelfu, wengi wao wakiwa Watutsi, ikawaita wasaidizi wa adui. Sibomana na wenzake waliona ya kuwa gazeti peke yake halitoshi. Wakaunda chama cha kutetea haki za watu, kilichojulikana kwa herufi A.D.L., naye akawa mmoja wa viongozi wake. Kazi yao ilikuwa kwenda mahali palipotendeka ubaya, kuuliza waliouona, kuandika majina, siku na mahali, na kuyaweka yote pamoja.

Mwezi wa Desemba 1992 chama hicho kilitoa kitabu cha habari hizo. Humo yameandikwa mambo yaliyotendeka katika milima yetu hii. Mwanafunzi wa Gisenyi akitazama kaskazini na mashariki huona milima mirefu ya volkano, na chini yake malisho ya kijani. Huko walikaa Wabagogwe, Watutsi wafugaji, watu wenye kuishi mbali na mambo ya mji. Tangu mwezi wa Januari 1991 wengi wao waliuawa, katika wilaya za Gisenyi na Ruhengeri, na habari hizo zikafichwa. Ng'ombe wao waliliwa, na nyumba zao zikabomolewa. Kama si watu waliokwenda kuuliza na kuandika, tungeambiwa leo ya kuwa Wabagogwe walihama.

Kwa ajili ya kazi ya vyama kama hicho, katika Januari 1993 walikuja wataalamu kutoka nchi za nje, wakazunguka nchini, wakafukua makaburi, na mwezi wa Machi wakautangazia ulimwengu waliyoyaona. Mwezi wa Desemba 1993 A.D.L. ikatoa kitabu kingine. Basi asidhani mtu ya kuwa ulimwengu haukuambiwa. Uliambiwa, pamoja na majina na tarehe.

Yaliyofuata kila mtoto wa Rwanda anayajua. Tangu tarehe 7 Aprili 1994, kwa muda wa siku mia, Watutsi zaidi ya milioni moja waliuawa katika mauaji ya kimbari, na pamoja nao Wahutu waliokataa kuua. Hapa Gisenyi watu waliletwa makaburini kuuawa, mahali paitwapo Commune Rouge, ambapo leo pana ukumbusho, nasi huenda kila mwaka kuweka maua. Nyundo, karibu nasi, watu walikimbilia kwenye kanisa kuu wakauawa huko huko. Waandishi wa habari wengi walitafutwa siku za kwanza kabisa, wakauawa. Padri Sibomana alifaulu kutoka Kigali akaenda upande wa Gitarama, akaokoka. Kinyamateka likanyamaza.

Hata Kabgayi, makao ya zamani ya gazeti lile, hapakusalimika. Maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia huko, na kila siku wauaji waliingia wakawachagua wa kuchukua. Mwezi wa Juni, R.P.F. ilipokwisha kuuteka upande ule, maaskofu watatu waliuawa na askari wa jeshi hilo, akiwamo askofu wa Kabgayi, na jeshi lenyewe lilikiri ya kuwa waliofanya tendo hilo ni askari wake. Jimbo likabaki bila mchungaji. Sibomana akapewa kulisimamia, akalisimamia mpaka mwaka 1996.

Hapa maisha yake yakabadilika. Aliyekuwa mtu wa karatasi akawa mtu wa matofali na mabati. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa, na wajane na yatima walilala nje. Akasimamia kazi ya kuzijenga upya. Kinyamateka nalo likaanza kutoka tena. Mwaka 1994 alipewa tuzo na chama cha Ufaransa kiitwacho Reporters sans frontières, chama kinachotetea waandishi wa habari ulimwenguni.

Mtu mwingine angepumzika hapo. Serikali iliyowaua watu ilikuwa imeanguka, na waliokuwa wakimwinda walikuwa wamekimbia. Lakini Padri Sibomana aliendelea kuuliza lile swali lake la zamani. Gitarama palikuwa na jela iliyojengwa kwa ajili ya watu mia kadha tu, na mwaka 1995 humo mlikuwa na watu karibu 7,000. Walisimama usiku na mchana kwa kukosa mahali pa kulala, miguu ikaoza, wengi wakafa. Miongoni mwao walikuwamo wauaji wa kweli, na walikuwamo pia waliokamatwa kwa neno la jirani aliyetaka shamba lao, bila karatasi yoyote ya mashitaka. Sibomana alisema wazi ya kuwa wauaji wahukumiwe, na ya kuwa hukumu haiwezi kuwapo pasipo ushahidi. Alisema pia ya kuwa Kanisa lake mwenyewe litazame makosa ya watu wake, lisiyafunike.

Ndugu zangu, hapa ndipo watu wengi humwacha. Kusema ubaya wa adui ni rahisi, kila mtu hupiga makofi. Yeye aliipima serikali ya kwanza kwa kipimo kimoja, akaipima ya pili kwa kipimo hicho hicho, kisha akalipima na Kanisa lililomlea. Kwa hiyo hakuwa na rafiki wengi katika upande wowote. Wengine walimwona mkaidi. Mwenzangu mmoja wa darasani, aliyepoteza jamaa wengi wa mama yake, aliniambia ya kuwa haikuwa haki kuwalilia wafungwa mapema hivyo, wakati waliookoka walikuwa hawajapata hata blanketi. Neno lake ni zito, nami sina haki ya kumkatalia. Nalimjibu tu ya kuwa nimesoma habari za zile nyumba za wajane, na ya kuwa huenda mtu mmoja aweza kufanya yote mawili. Alinyamaza, nami nikanyamaza.

Mwaka 1997 kilitoka Ufaransa kitabu cha mazungumzo yake, ambacho jina lake lina maana ya kuwa tuitunze tumaini kwa ajili ya Rwanda. Mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa uliofuata aliugua sana. Akataka kwenda ng'ambo kutibiwa, lakini hati ya kusafiri haikutoka kwa wakati. Akafa tarehe 9 Machi 1998, hajafikisha miaka 45. Mtu aliyetumia maisha yake kudai karatasi kwa ajili ya kila neno, alikosa karatasi moja.

Wazee wetu wana methali ya Kinyarwanda isemayo ya kuwa ukweli hupita motoni usiungue. Zamani nalidhani maana yake ni kwamba ukweli hujitetea wenyewe, nasi tuketi tu tukingoje. Sasa naona si hivyo. Ukweli hupita motoni ukibebwa na mtu, na yule mtu huungua mikono. Kazi ya mwenye gazeti ni kuubeba, na kabla ya kuubeba ni kuhakikisha ya kuwa alichokibeba ni ukweli wenyewe, si jiwe la kumtupia jirani.

Nimekwisha kusimulia habari zake. Yamebaki mambo mawili madogo.

La kwanza ni la gazeti letu la ukutani. Tangu mwanzo wa mwaka huu tumeweka sanduku la bati katika chumba cha gazeti, lenye kufuli. Mwanafunzi akileta habari ya kumlaumu mtu, haibandikwi mpaka karatasi yake iwemo katika sanduku: barua, au hesabu, au maneno ya mashahidi wawili waliotia sahihi. Tena yule anayelaumiwa huulizwa kwanza, na jibu lake huandikwa chini ya habari. Wengine wanung'unika ya kuwa gazeti limekuwa jembamba. Ni kweli, majuma mengine tuna ukurasa mmoja tu. Lakini muhula uliopita tuliandika habari za bomba la maji la bweni la pili. Tulikuwa tumepima kwa ndoo siku 14 mfululizo na kuandika kila siku, na bomba likatengenezwa kabla ya juma kwisha. Hakuna aliyetuuliza tumejuaje, kwa maana hesabu ilikuwa imebandikwa pale pale.

La pili ni ombi kwa kaka zetu wa zamani. Katika nyumba za wazazi wenu, juu ya kabati au chini ya kitanda, huenda yamo magazeti ya zamani ya Kinyamateka, hasa ya miaka ya 1988 hata 1994. Katekista mmoja mzee wa karibu na shule alinionyesha yake, ameyafunga kwa kamba ya mgomba, panya wamekwisha kula pembe zake. Tafadhali msiyatupe, wala msiyawashie moto. Yaleteni shuleni, nasi tutayatunza katika maktaba, ili mwanafunzi ajaye aweze kuyagusa mwenyewe asihitaji kunisadiki mimi.

Yule mzee wa ghala angali kazini. Siku hizi hutuletea daftari lake mwenyewe kila Jumamosi, bila kuombwa, tulitazame. Hunisalimu kama zamani, huniita mwanangu. Lakini mtoto wake hapiti tena mbele ya lango letu aendapo shuleni. Hupita njia ya chini, ile ya ziwani, ambayo ni ndefu zaidi.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Sita,
Gisenyi